Majuma sita kabla ya baridi kukaza: familia ya kujitolea ianze na lipi?

Mama wa Wawili ameuliza:

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi na mume wangu tulifika kaskazini mwa Ulaya mwishoni mwa Agosti kwa kazi ya kujitolea ya mwaka mmoja, tukiwa na watoto wetu wa miaka minane na mitano. Shirika lililotupokea limetupa nyumba ya vyumba viwili na posho inayotosha chakula na nauli, ila haibakizi kitu kikubwa. Mume wangu hushinda katika kituo cha kutunza wazee, nami hufanya zamu ya nusu siku kisha hurudi kuwapokea watoto. Tumekwisha kujiandikisha, tumepata daktari, na watoto wameanza shule. Kinachonitia hofu ni baridi. Kila asubuhi kitinda mimba wangu hupuliza pumzi na kuitazama ikigeuka moshi, akafurahi, huku mimi nikihesabu nguo ambazo hatuna. Kwa fedha kidogo tulizo nazo, mngetushauri tuanze na lipi?

Baba Watatu amejibu:

Dada, hongereni kwa uamuzi mliouchukua. Kosa letu la mwaka wa kwanza lilikuwa kumaliza posho ya mwezi mzima kwa makoti mapya, mazito kama magodoro, na bado watoto wakatetemeka kwa sababu ndani walivaa fulana za pamba. Pamba ikilowa jasho hushika maji, na maji hayo huunyang'anya mwili joto lake, ilhali sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Anzeni basi na nguo ya ndani kabisa iliyo ya sufu, juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji, ambalo laweza kuwa la mtumba, maana watoto huzidi nguo kabla hazijachakaa. Viatu viwe na nafasi kidogo mbele ya vidole, kwa kuwa hewa iliyotulia ndani ya kiatu ndiyo inayoutunza mguu. Kiatu kinachobana kitakugandisha hata ukivaa soksi mbili.

Jambo moja la usalama: ndani ya gari, mvueni mtoto koti nene kabla ya kumfunga mkanda, kisha mfunikeni nalo kwa juu. Koti lililofutuka huuacha mkanda ukiwa umelegea bila ninyi kutambua.

Fundi wa Majengo amejibu:

Naongeza habari za nyumba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18 za Selsiasi, kwa hiyo msijibane mno kwa kuogopa bili. Nguo zinazoanikwa ndani hutoa maji mengi hewani, na maji hayo huishia kwenye kuta baridi na kuzaa ukungu. Fungueni madirisha wazi kabisa kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku, kisha myafunge, badala ya kuacha ufa mdogo kutwa nzima. Mkisafiri, msizime kabisa mitambo ya kupasha joto, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9 na yanaweza kuyapasua mabomba. Tena, tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata usiku mmoja. Gesi yake ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Binti yangu, waliotangulia wamesema kweli, lakini mimi ningepanga mambo kwa utaratibu mwingine. Koti hupatikana hata Novemba, lakini jirani hapatikani. Majuma haya watu bado wako nje wakikusanya majani na kuendesha baiskeli, nao wataonana nawe bila kupangwa. Giza likishaingia, kila mmoja hujifungia kwake, na utapita miezi ukisikia nyayo tu kwenye ngazi.

Giza lenyewe huja haraka kuliko mnavyodhani. Kwenye latitudo ya digrii 60, baada ya tarehe 22 au 23 Septemba mchana hupungua kwa zaidi ya dakika tano kila siku kwa majuma kadhaa, kisha kwa kasi ndogo, hadi Desemba unabaki wa saa sita hivi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na watoto huanza kutoka shuleni jua likiwa linazama. Nilipokuwa najitolea ugenini, mimi nilikuwa kazini kati ya watu, na mke wangu alikuwa nyumbani ambako hapakuwa na mtu aliyelijua jina lake. Alilala sana, akaacha kuimba jikoni, nami nikadhani ni uchovu wa kawaida. Ilinichukua hadi Januari kuelewa, na hadi leo inaniuma.

Kwa hiyo toka nje kila adhuhuri, hata pakiwa na mawingu. Muulize daktari kuhusu vitamini D, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kwani jua la huko wakati wa baridi halitoshi kuitengeneza mwilini. Huzuni ikidumu zaidi ya majuma mawili, mwambie daktari huyo huyo. Wavalishe watoto vibandiko vinavyoakisi mwanga, na mwitembee njia ya shule pamoja giza likiwa limeingia.

Baba Watatu ameongeza:

Mwalimu, nakubaliana nawe, ila majirani wa kwetu walikuwa wakiitikia salamu kwa kichwa tu na kufunga mlango. Dada asivunjike moyo yakimkuta hayo.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ni kweli, ndugu yangu. Ndiyo maana asiende kujitambulisha tu. Aende na swali. Mtu mkimya akiulizwa jambo analolijua vizuri, hufunguka.

Mama wa Wawili amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Fulana za sufu za watoto nimezipata za mtumba. Jana jioni nilimbishia hodi mama mzee wa ghorofa ya chini, nikamuuliza kwa maneno machache ninayoyajua barafu ya mlangoni huondolewa na nani. Alivaa viatu, akashika tochi, akatupeleka nyuma ya nyumba kutuonyesha pipa la mchanga wa kumwaga njiani, kisha akampa kitinda mimba wangu kijiko cha mchanga ajaribu, ingawa barafu bado haijaanguka. Tulipokuwa tunapanda ngazi, alimuuliza mtoto jina lake, akalirudia mara tatu mpaka likamkaa mdomoni.