Rejeta ya plastiki au aluminiamu tupu? Mliobadilisha, tupeane uzoefu

Mwenye Fielder: Wadau, kila siku ni Kitengela hadi Westlands na kurudi. Jioni msongamano ukinikamata Mlolongo, taa nyekundu ya joto inawaka. Nikipata barabara wazi, inazima. Dashibodi yangu haina mshale, ni taa ya bluu na nyekundu basi. Fundi anataka nitoe rejeta (kile kipoza maji ya injini) ya kiwandani yenye tangi za plastiki, niweke ya aluminiamu tupu, nene zaidi, sh 24,000. Kuna aliyefanya hivyo akaona tofauti?

Baba Pacha: Nilibadilisha. Sijutii.

Shemeji wa Rongai: Umenikumbusha mambo. Mwaka juzi tulikuwa tunarudi kutoka Narok kwa shughuli za posa, Noah imejaa wazee, kondoo kwenye buti. Tangi la juu la rejeta lilikuwa na ufa, fundi akaupaka gundi ya chuma. Mjini ilishika miezi minne. Kutoka Mai Mahiu tukianza kupanda, nyuma ya lori, gia ya pili, nikasikia kwanza ile harufu tamu ya kulanti (maji ya kupozea injini), kisha moshi. Nikaegesha pale wanapouza ngozi za kondoo, na wetu anaziangalia kupitia kioo.

Nikasema tungoje ipoe. Mjomba akasema ameendesha malori kabla sijazaliwa. Akakunja leso mara nne, akaubonyeza mfuniko wa rejeta, akazungusha. Jamani. Maji yalipiga boneti kwa ndani kabla ya kumrudia. Ngozi ya mkono ilitoka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Tulimmwagia maji yote ya kunywa, tukasimamisha matatu ikamkimbiza hospitali. Hedi, ile sehemu ya juu ya injini, nayo ilikuwa imepinda.

Wanja wa Ruaka: Woi! Pole kwa mjomba. Mkono ulipona?

Shemeji wa Rongai: Ulipona, kovu liko. Bado anasema leso ilikuwa nyembamba.

Zamani Tulikuwa Nazo: Ndiyo maana mimi ni rejeta ya shaba. Ile ya Peugeot 504 yangu ikivuja unapeleka kwa fundi wa lehemu, unarudi nyumbani. Plastiki ikipasuka ni ya kutupa.

Kijana wa Vipimo: Mzee, shaba ni nzito, na Fielder ya sasa utaipatia wapi? Hebu tuzungumze mambo ya leo.

Toa Tu: Ondoa themostati (ile vali inayozuia maji hadi injini ipate joto), uishi kwa amani. Yangu inatembea na maji ya mfereji mwaka wa tatu.

Kijana wa Vipimo: Huu ndio ushauri unaoua injini. Bila themostati injini haifiki joto lake, inakunywa mafuta. Maji ya mfereji yanaacha chokaa na kutu ndani ya mirija. Halafu Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji matupu yanachemka kama nyuzi 94, si 100. Kinachoyazuia ni presha ya mfuniko. Mpira wa mfuniko ukichoka, hata uweke rejeta ya lori utachemsha.

Toa Tu: Mwalimu, yangu inatembea. Yako je?

Kijana wa Vipimo: Yangu iko gereji kwa sababu ya breki, usiniletee.

Mama Probox: Nyinyi pigeni kelele. Ndugu wa Fielder, kama gari ni otomatiki, mafuta ya gia yanapozwa ndani ya tangi la hiyo hiyo rejeta. Niliwekewa ya bei rahisi, ikavuja kwa ndani. Nilifungua nikakuta maji kama maziwa ya stroberi. Gia nayo ikafa. Ukinunua, nunua nzuri.

Wanja wa Ruaka: Sasa, inachemka ukiwa umesimama tu na ukitembea inapoa? Hiyo si feni? Washa eisi (kiyoyozi) gari likiwa limesimama, fungua boneti usikilize kama feni inazunguka.

Baba Pacha: Pia mulika tochi kati ya kondensa ya eisi (ile kama rejeta ndogo iliyo mbele) na rejeta. Mimi nilitoa matope na mifupa ya ndege.

Zamani Tulikuwa Nazo: Ndege gani?

Wanja wa Ruaka: Na kondoo je?

Shemeji wa Rongai: Kondoo alifika salama. Sisi ndio tulilala Kimende.

Mwenye Fielder: Nimewasha eisi. Feni kimya kabisa. Shida ni kwamba ile rejeta nimeshailipia arubuni sh 8,000.

Toa Tu: Nauliza tu, ni ya saizi gani?