Mianya ya First Blood: ni mianya kweli, au tulitazama kwa haraka?

Mfuatanyayo: Wenzangu, kila inapotajwa First Blood, filamu ya mwaka 1982 ambamo Sylvester Stallone anamwigiza Rambo, askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akaishia kuwindwa msituni na sherifu, hurudiwa malalamiko yaleyale kuhusu mianya, yaani mambo ya hadithi yasiyowezekana: jiwe moja alilorusha Rambo haliwezi kuishinda helikopta inayomwinda, na arukaye gengeni habaki hai. Nashikilia kwamba yote mawili yamejibiwa ndani ya picha yenyewe. Jiwe halikuiangusha helikopta; lilipasua kioo, chombo kikayumba, na Galt, askari wa sherifu aliyekuwa ndani yake, ambaye alikuwa amejifungua mkanda ili apate kulenga vizuri, akaanguka peke yake. Rambo naye hakutua ardhini moja kwa moja, bali alipokewa na matawi, na mkono ukachanika. Mwanya ninaoukubali ni mmoja tu, nao ni muda wa kutengeneza ile mitego ambayo Rambo anawategea askari wa sherifu msituni.

Jicho Kavu: Ndugu yangu, nimeitazama filamu hiyo mara nne, kwa hiyo neno «haraka» ungelihifadhi kwa wengine. Mbona hukumgusa nguruwe mwitu? Rambo anamuua nguruwe mwitu na kumla, ilhali mnyama huyo si wa asili ya bara la Amerika. Alipelekwa huko na Wazungu. Katika milima ya jimbo la Washington, ambako hadithi imewekwa, alitoka wapi?

Mpanda Mlima: Alitoka zizini kwa mtu. Nguruwe wa kufugwa akitoroka, uzao wake huota manyoya na kuwa mkali, na mtazamaji wa mjini humwita nguruwe mwitu bila kuuliza ukoo.

Jicho Kavu: Mimi si wa mjini, na jibu lako linahitaji mfugaji ambaye hakuonyeshwa popote. Mkianza kuwaongeza watu wasiokuwemo, hakuna filamu itakayobaki na mwanya.

Mfuatanyayo: Naomba turudi kwenye mitego. Rambo ametoka kuushona mkono wake kwa sindano na uzi uliokuwa ndani ya mpini wa kisu, kisha, kabla askari hawajafika mbali, amekwisha kuchonga vijiti, kuvifunga kwenye tawi lililopindwa na kuliwekea kifyatuo, na bado ana nafasi ya kujificha na kuwavizia mmoja mmoja.

Bibi Mswada: Anayelalamikia muda asahau saa yake ya mkononi. Mvua inanyesha, askari hawalijui eneo, mwenzao Orval amepigwa risasi mguuni, na kila wanapoitikia kilio kimoja wanazidi kutawanyika. Zaidi ya hayo, katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, iliyoizaa filamu hii, Rambo anaua watu wengi, na mtego wa kuua hauchagui mahali pa kuchoma.

Mfuatanyayo: Hapo umenisaidia kuliko ulivyokusudia, bibi. Katika filamu mitego inajeruhi tu. Tawi lile linamchoma askari miguuni, wala halimfiki kifuani. Mtego wa namna hiyo unataka kipimo cha urefu na nguvu ya tawi, na mtu lazima aujaribu. Kwa hiyo watengenezaji, walipoamua kumfanya Rambo mtu wa kuhurumiwa, walimwongezea kazi bila kumwongezea dakika.

Bibi Mswada: Basi hilo ni suala la huruma, halihusu saa. Sherifu Teasle anashikiwa kisu kooni na kuachwa hai. Ningekubali mitego kumi isiyowezekana ili nilipate onyesho hilo.

Mpanda Mlima: Kukubali kwako hakuzibi mwanya, bibi, kunaonyesha tu kwamba umeuona ukapita kando.

Jicho Kavu: Mitego nawaachieni, maana naona mmeipenda. Ila Mpanda Mlima bado hajanionyesha zizi.