Tupeane uzoefu: msomaji wa Moshi au Arusha anaikamata wapi hadithi yako?

Wakuu, mnaoandika riwaya na hadithi fupi, tuweke mezani mambo ya kazi. Utafiti unafanywaje, na makosa yanajificha wapi? Naomba vitu vinavyoshikika, nasaha za jumla tumeshazisikia.

Mdau wa Majengo, Moshi:
Anza na jua. Ukiwa Moshi mjini, Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, iko kaskazini, kwa hiyo jua halizami nyuma yake wala halichomozi hapo. Miswada mingi inaanguka kwenye sentensi hiyo moja. Kama lazima jua lizame nyuma ya mlima, mhamishie mhusika Rombo, upande wa mashariki. Huko Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huo, ndiyo iko mbele yake, na kivuli cha mlima kinawahi jioni. Halafu mlima wenyewe huonekana vizuri alfajiri na jioni. Anayeuona wote mweupe saa saba mchana wa Aprili, masika yamekolea, ana bahati ya peke yake. Na mwezi mpevu huchomoza jua likizama, usimchomozee mwizi wako saa sita usiku.

Mdau wa Njiro:
Nakazia, na miaka nayo ni hivyohivyo. Chora karatasi ya safu tatu: mwaka, umri wa mhusika, kilichokuwepo na ambacho hakijakuwepo. Mkoa wa Manyara ni wa 2002, hivyo mchimbaji wa Mererani wa 1995 yuko Mkoa wa Arusha. Ukuta wa kuzunguka machimbo ya tanzanite ni wa 2018. Kabla yake jiwe linaweza kutoka usiku kwa njia za panya, baada yake lazima ulitafutie mlango mwingine, na kisa chote kinageuka. Familia ya 1985 haiwezi kukaa sebuleni kungoja taarifa ya habari ya kituo cha Bara, maana vituo vya televisheni huku vilianza 1994. Wape redio, wasikilize RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam. Na "mangi" wa 1950 ni mtawala wa Wachagga, siyo mwenye duka la kona.

Mdau wa Marangu:
Kwa wanaopandisha wahusika mlimani kupitia njia yetu: kulala ni vibandani, siyo kwenye mahema. Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, kibanda cha Kibo kimezidi 4,700 kidogo. Kutoka Kibo kwenda kileleni watu huondoka karibu na saa sita usiku, na wagumu, yaani wapagazi, wengi wanabaki chini. Wanaopanda na mgeni ni waongozaji na wasaidizi wao. Ukimfikisha mpishi kilele cha Uhuru na sufuria kichwani, wa huku watakufungia kitabu.
Baridi usiiandike kwa neno "kali". Maji huganda kuanzia juu, ndiyo maana chupa hugeuzwa kichwa chini, mdomo usizibe kwa barafu. Mrija wa mfuko wa maji huganda mapema zaidi. Sentensi moja ya namna hiyo inatosha.
Ukimhoji mgumu, "kazi ikoje?" itakuletea "tunamshukuru Mungu". Muulize mzigo ukishatua ni wapi panaendelea kuuma, kitu gani kikisahaulika getini safari inaharibika, mgeni akitapika nani anasafisha. Mlipie chakula, usimkatishe, andika mkishaachana. Jina lake libaki kwako, na watu watatu uwachanganye kuwa mmoja.

Mdau wa Kibosho:
Ugonjwa mkubwa ni kufafanua. Mtu anaandika: "Alishika isale, jani ambalo kwa Wachagga huombea msamaha." Hapo ametoka kwenye hadithi, ameingia darasani. Jaribu hivi: "Aliliweka isale mezani, karibu na chumvi. Mama hakuligusa. Hakulitupa pia." Asiyelijua atahisi uzito, anayelijua atatetemeka.
Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo ina saa zake. Ndizi mbivu hupikwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, gome la mti wa msesewe huleta uchungu, ndipo uji wa ulezi uliooteshwa huongezwa mwishoni. Hivyo hakuna mama anayeamua asubuhi kupika mbege ya wageni wa jioni. Ukitaka ndugu wafike ghafla, mbege iwe ya jirani, na hapo umeshapata deni la kuchezea sura nzima.

Mdau wa Sakina, Arusha:
Kwa yaliyokupata mwenyewe: chukua hisia, tukio liache. Hofu ya kusubiri majibu ya hospitali inaweza kumvaa mhusika anayesubiri hukumu. Orodhesha mwili ulivyofanya, mate, magoti, kusoma tangazo moja la ukutani mara kumi, kisha badilisha umri, jinsia na mahali. Ukiandika tukio kama lilivyo, utalinda heshima yako na sura itapooza.
Lugha ya mtaani iwe chumvi. "Chalii" moja kwa ukurasa inatosha, zikiwa kumi ni maigizo.
Mwisho msomee kwa sauti mtu wa kazi ile. Akicheka pasipochekesha, weka alama ya penseli, usijitetee, endelea kusoma.