Kuziba jino wakati mate yanajaa na umeme umekatika, mnafanyaje?

tabibu_kasulu
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno huku Kasulu, mkoa wa Kigoma, kituo cha afya. Naomba msaada kwenye jambo linaloninyima usingizi. Watoto ninaowaziba magego ya chini, hasa yale ya kwanza ya ukubwani, mate yanajaa haraka mno, unakausha shimo vizuri ukigeuka tu kuchukua simenti ukirudi pameshalowa. Saksheni (mashine ya kuvuta mate) tunayo lakini umeme ukikatika ndo basi, na hata ukiwepo ile ya kuning'iniza mdomoni inavuta kidogo sana. Pamba zipo, gozi (kitambaa chepesi cha kufutia) ipo, glasi ayonoma (ile simenti ya kuchanganya poda na kimiminika) ipo, kompoziti (ziba inayokazwa kwa taa) kidogo na taa yake ya chaji. Mama anatoka Buhigwe kwa bodaboda na mtoto mgongoni, ziba ikidondoka hatarudi kuziba tena, atarudi kung'oa, na mimi sitaki jino la mtoto wa miaka tisa ling'olewe kwa sababu ya mate. Mnaoshinda hili mnafanyaje?

mnyamwezi_wa_meno
Mwangaluka mdogo wangu, marahaba. Niko Tabora, kazi hii nimeifanya miaka mingi na nyingi nimeifanya bila saksheni kabisa, kwa hiyo tulia.

Anza na mate yanatoka wapi, maana wengi wanapanga pamba popote tu. Mtu mzima anatoa kama nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku. Akiwa ametulia mengi yanatoka kwenye tezi za chini ya taya, mlango wao uko chini ya ulimi nyuma ya meno ya mbele. Ukishaanza kumgusagusa mdomoni ile tezi kubwa ya shavuni nayo inafungulia, na mlango wake uko ndani ya shavu mkabala na gego la pili la juu. Sasa wewe unaziba gego la chini unaweka pamba mbili chini, moja upande wa shavu moja upande wa ulimi, halafu unashangaa bado panalowa. Weka na ya tatu JUU, kati ya shavu na magego ya juu, uuzibe ule mlango. Hiyo ndo watu wanaisahau na ndo inayowaangusha.

Pili, panga kila kitu kabla hujakausha. Poda imeshapimwa, kimiminika kiko tayari, vaseline imeshachotwa, pamba kavu za kubadilishia ziko karibu na mkono. Ndo unabadilisha pamba zote zilizolowa uweke kavu, unakausha shimo kwa vipamba vidogo, msaidizi anachanganya wakati wewe mkono mmoja umeshika kioo unazuia ulimi. Usikaushe kwanza ndo uanze kutafuta vitu, hapo mate yatakushinda kila siku.

Tatu, kwa mazingira yako kompoziti iache kwa watoto wa hivyo. Ile ukishapaka asidi mate yakigusa hata mara moja gundi haishiki, inabidi uoshe, ukaushe, upake tena asidi kama sekunde 10 ndo uendelee, na mtoto ameshachoka anataka kushuka. Glasi ayonoma inashikana na jino yenyewe na inavumilia unyevu kidogo. Nasema unyevu, sio mate, watu wanachanganya. Mate yakiingia kabla haijashika inayeyuka juu juu na kudhoofika. Na ikikauka sana mwanzoni inapasuka. Ndo maana unakandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaseline, unashikilia mpaka ianze kukaza, unakwangua ya ziada, unapaka vaseline tena juu, na unamwambia mama mtoto asile saa nzima.

Halafu ujue mbinu hii ya kuziba kwa vifaa vya mkono bila mashine (ART, sio ile ya dawa za VVU) ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme kama kwako. Kwa hiyo usijione unafanya kazi ya kubahatisha, hiyo ni kazi kamili.

nesi_mwanga
Naongezea kama msaidizi, niko Kigoma mjini. Dokta hapo juu kasema kweli lakini kasahau mkao. Mtoto akilala chali kabisa mate yanarudi kooni, anameza, ulimi unanyanyuka, pamba zinaruka. Sisi tunamlaza nusu na kumgeuza kichwa kidogo ili mate yakusanyike shavu la upande usiofanyiwa kazi, hapo nafuta kwa gozi au navuta na ile saksheni ya kukanyaga kwa mguu. Kama kituo chako hakina, omba, haihitaji umeme.

Na jamani pamba ikishakaukia kwenye shavu MSIIVUTE hivyo hivyo, inang'oa ngozi ya ndani na mtoto analia nyumbani mnadhani ni jino. Ilowanishe kwa maji kidogo kwanza ndo uitoe.

mama_wa_wawili
Samahani mi sio daktari naomba kuuliza, mwanangu alizibwa jino akaambiwa asiteme asifunge mdomo, yeye alikuwa anateseka anataka kutema, si bora wangemwacha ateme tu?

nesi_mwanga
Dada yangu hapana, akifunga mdomo kutema ulimi unapita juu ya lile shimo na mate yote yanaingia, kazi inaanza upya na anakaa muda mrefu zaidi. Ila alitakiwa kupewa nafasi ya kutema KABLA ya hatua ile, na kuelezwa kwamba akiona shida anyanyue mkono wa kushoto. Sisi tunamwambia mtoto mapema kabisa na tunahesabu naye. Mwanao hakukosea kutaka kutema, ilibidi aandaliwe tu.

kijana_wa_uyui
Wakuu nyote mmezunguka tu, jibu ni ile shiti ya mpira. Unatoboa tundu, unaipitisha kwenye jino, unabana kwa kibano chake, jino linabaki peke yake juu na mate yote chini. Ilibuniwa 1864 na daktari wa meno wa New York anaitwa Sanford Barnum, wakati huo saksheni za umeme hazikuwepo, kwa hiyo hoja ya umeme haipo hapo. Kwa nini mnahangaika na pamba?

mnyamwezi_wa_meno
Kijana uko sahihi kwa kutibu mzizi wa jino, hapo mimi sikubali kabisa mtu afanye bila hiyo mpira, maana sindano ndogo ile ikiteleza inaingia kooni au kwenye njia ya hewa, na dawa ya kusafishia mzizi ni jamii ya ile ya kufulia nguo, inaunguza. Na kile kibano lazima ukifunge uzi wa meno, kikichomoka ukivute kwa uzi.

Ila kwa mtoto wa Kasulu gego limetoka nusu, kibano hakina pa kushika bila ganzi. Mtoto ana mafua pua imeziba, ukimfunika mdomo atapumulia wapi? Na wapo wasiopatana na mpira wa kawaida, uliza kabla, kwao ipo shiti isiyo ya latexi. Pamba hazijapitwa na wakati, zinataka mikono miwili zaidi tu. Fanya uwe na msaidizi.

tabibu_kasulu
Wakuu nashukuru mno, dokta wabeja sana. Ile pamba ya juu nilikuwa siweki kwa magego ya chini, kwa hiyo kesho naanza nayo. Nimeongea na mhudumu mmoja hapa yuko tayari nimfundishe kuchanganya simenti ili mimi nisiache jino hata kidogo. Swali la mwisho, vaseline ya dukani inafaa au kuna maalum?

mnyamwezi_wa_meno
Ya dukani inafaa, chukua isiyo na manukato. Fungua kopo jipya liwe la kazi hiyo tu, uchote kwa kijiti kisafi uweke pembeni kabla mgonjwa hajakaa, usichovye kidole chenye glavu iliyotoka mdomoni ndani ya kopo. Na mhudumu wako akijifunza mwambie aanze kuchanganya pale utakapomwambia "kavu", sio kabla.