SHEREHE YA SHANGAZI MWAJUMA (SIRI, ASIONGEZWE MTU)

*Jumatano*

[19:02] Rehema: Asalamu aleikum wapendwa. Zimebaki siku kumi na moja Shangazi aagwe posta. Wimbo ni ule ule tuliokubaliana, Please Mr. Postman wa Marvelettes, lile kundi la wasichana wa Marekani. Nani amesikiliza rekodi niliyotuma Jumapili?

[19:40] Rehema: Tiki za bluu naziona kumi na nne. Jibuni basi.

[19:41] Hamisi: Mimi nimesikiliza dada. Ila huyo binti anamsubiri posta mlangoni. Tanga hii nani aliletewa barua mlangoni? Tuimbe "Ngoja Bwana S.L.P." 😂

[19:41] Mwanaidi: 😂😂 ufunguo wa sanduku anao baba

[19:42] Saumu: Na baba yuko Pangani

[19:44] Rehema: Jamani. Juma wa kinanda, uko wapi?

[20:15] Juma: Nipo. Nimeshusha biti ya kuimbia, iko safi kabisa.

[20:16] Rehema: Katikati ina saksafoni?

[20:16] Juma: Ndiyo

[20:19] Rehema: Basi siyo. Hiyo ni ya Carpenters, iliyoshika namba moja Marekani Januari 1975. Nzuri, ila laini mno, na hiyo saksafoni ikianza sisi tutabaki tumesimama kama nguzo za umeme. Tunataka ya 1961, iliyorekodiwa Detroit. Dramu mle kapiga Marvin Gaye, kabla jina lake halijawa kubwa. Achana na biti, piga mwenyewe. Kodi, zile sauti za kubonyeza pamoja, ni G, Em, C, D. Kila kodi baa mbili, yaani hesabu nane ndipo uhame. Ukimaliza D unarudi G.

[20:21] Juma: Na kiitikio?

[20:21] Rehema: Hizo hizo.

[20:22] Juma: Wimbo mzima kodi nne??

[20:26] Rehema: Nne tu, mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana kazi kubwa iko kwa waitikiaji. Kinanda hakibadiliki, kwa hiyo wakizubaa wimbo unalala. Jumapili mlikosea mambo matatu. Juma ulihama kodi kila baa moja, ukafika D wakati Saumu bado yuko nusu ya mstari. Makofi mlipiga kwenye moja na tatu kama mchakamchaka, yanatakiwa kwenye mbili na nne. Na lile neno la kwanza kabisa, "ngoja", ni la waitikiaji, kwa pamoja, kwa nguvu. Kiongozi anawajibu. Nyinyi mlimsubiri kiongozi aanze, naye anawasubiri nyinyi, ikawa kimya.

[20:27] Hamisi: Kimya kile kilikuwa kizuri lakini

[20:27] Mwanaidi: 😂😂😂

[20:31] Saumu: Da Rehema, mimi nikifika beti la pili sauti inakauka.

[20:34] Rehema: Kwa sababu unaanza kwa kupiga kelele. Msikilize Gladys Horton, kiongozi wao kwenye rekodi. Alikuwa na miaka 16 na sauti ya kukwaruza kidogo, lakini mwanzo anaomba tu, anajibana. Nguvu kaiweka mwishoni. Na mwisho wenyewe tuuamue, maana kwenye rekodi haumo, sauti inafifia tu. Tukifanya hivyo ukumbini watu watadhani umeme umekatika. Napendekeza duru mbili za makofi matupu bila kinanda, halafu wote "ngoja!" na kusimama hapo hapo.

[20:35] Juma: Sawa. Maiki ngapi?

[20:36] Rehema: Mbili. Moja ya Saumu, moja ya waitikiaji watatu, mkae mbali nayo shubiri mbili. Na spika ziwe mbele yenu, zikiwa nyuma maiki itapiga mluzi. Mchango bado wa nane.

[20:36] Rehema: Watu nane.

[20:52] Rehema: Haya, haya ndiyo maneno ya MC kabla hatujaimba: "Wimbo huu ulitungwa na Brian Holland na Robert Bateman wa kampuni ya muziki ya Motown. Desemba 1961 ukawa wimbo wa kwanza wa kampuni hiyo kushika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani. Mwaka 1963 Beatles nao wakaurekodi." Mpo sawa?

[20:53] Mwanaidi: 👍

[20:53] Juma: 👍

[22:47] Zuhura: Ndio nimetoka kazini. Georgia Dobbins yuko wapi hapo?

[22:48] Rehema: Nimefupisha, MC ana dakika moja.

[22:58] Zuhura: Ukimfupisha yeye umeufuta wimbo. Wale wasichana walikuwa wanafunzi wa sekondari ya Inkster, nje ya Detroit. Walienda Motown kujaribiwa wakaambiwa warudi na wimbo wao wenyewe. Georgia akaenda kwa William Garrett, aliyekuwa na wimbo wa mtindo wa blues unaomngoja posta. Akachukua jina la wimbo, maneno akayaandika upya usiku mmoja. Akamfundisha Gladys kuuimba. Kisha mama yake mgonjwa kitandani, baba yake akakataa kutia saini mkataba, Georgia akabaki nyumbani na Wanda Young akaingia nafasi yake. Holland na Bateman waliutengeneza studio, sikatai. Na Freddie Gorman aliyesaidia kuunyoosha alikuwa mpeleka barua kweli kweli, kwa kazi. Kwa sherehe ya posta huyo naye unamwachaje?

[22:59] Hamisi: Gorman oyeee. Yeye alifika mlangoni 😂

[23:01] Zuhura: Majina ya watunzi yamebadilika toleo hadi toleo, pengine watatu, pengine watano. Mwenye daftari ndiye wa kwanza kusahauliwa. Kama utenzi wa arusi ya Saida.

[23:02] Rehema: Zuhura, hayo tuliyamaliza.

[23:02] Mwanaidi: 🙈

[23:03] Hamisi: Mimi nalala

*Alhamisi*

[05:48] Baba Mkubwa Salim: Asalamu aleikum. Nimesoma yote baada ya swala. Hayakuisha, Rehema. Yalinyamaziwa, na mimi nilikuwa meza ya mbele nikanyamaza nanyi. Jina la yule binti Georgia litangulie. Na maneno hayo ayasome Zuhura, si MC.

[07:30] Rehema: Waaleikum salaam Baba Mkubwa. Shikamoo. Nimesikia.

[07:31] Saumu: Shikamoo Baba Mkubwa

[07:31] Juma: Shikamoo

[07:33] Mwanaidi: Shikamoo Baba Mkubwa 🙏

[09:10] Baba Mkubwa Salim: Marahaba.

[12:15] Rehema: Nimeandika upya: Georgia Dobbins kwanza, Garrett, kisha Gorman mpeleka barua, halafu Holland na Bateman. Zuhura, mstari wa usiku mmoja nimeuacha kama ulivyouandika. Utasoma?

[12:15] Rehema: Mazoezi Jumamosi saa kumi, kwa Mama Saumu. Juma njoo na waya mrefu, soketi ya sebuleni haifanyi kazi.

[14:02] Juma: Jumamosi nina mpira. Jumapili je?

[14:03] Rehema: Jumapili Saumu hayupo.

[16:26] Salma (Muscat): Habari za huko? Ndio naona meseji leo. Mnaimba wimbo gani?

[18:40] Zuhura: Nikipata mtu wa kunishikia zamu nitakuja. Rehema, "waliutengeneza studio" andika "waliupanga". Kutengeneza ni kwa kitu kilichoharibika.

[18:41] Rehema: Nimebadilisha.

[18:44] Hamisi: Sare rangi gani?