Saa za mafundi zinatosha kwenye mpango, mbona hangani hazitoshi?

Mpangaji wa Hanga:
Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Ninapanga saa za kazi za ukaguzi mkubwa wa ndege ya abiria, ule unaoilaza ndege hangani, yaani kwenye banda la matengenezo, kwa siku 10. Kwa mujibu wa kitabu cha mpango wa matengenezo kinachotolewa na kiwanda, kadi zote za ukaguzi wa sasa, yaani karatasi zinazoeleza kila kazi ya kufanywa, zinajumlisha saa 300. Nina mafundi 12 wanaofanya zamu ya saa 8 kila siku, yaani saa 960, ambazo ni zaidi ya mara tatu ya mahitaji. Hata hivyo ndege huchelewa kutoka karibu kila mara, na uongozi umeanza kuuliza kama mafundi ni wavivu. Mimi ninayewaona wakitoka jasho sikubaliani na shutuma hiyo. Je, hesabu hii inavuja wapi?

Fundi Mwenye Leseni:
Ndugu, inavuja pande zote mbili. Saa za kiwanda kwa kawaida hupima kazi yenyewe tu, fundi akiwa tayari amesimama mbele ya kifaa na zana zikiwa mkononi. Kufungua na kufunga paneli, kuinua ndege kwa jeki, kutoa mafuta kwenye tangi na kulipitisha hewa kabla mtu hajaingia, pamoja na kutafuta chanzo cha hitilafu, mara nyingi havimo. Ndiyo maana karakana huzidisha saa hizo kwa kizidisho kinachotokana na kumbukumbu zake zenyewe. Tuseme chako ni 1.6, saa 300 zinakuwa 480. Ongeza kazi zinazoibuliwa na ukaguzi wenyewe, tuseme asilimia 60 ya hizo, yaani saa 288. Mahitaji yamefika 768.

Sasa tazama upande wa pili. Ukiondoa likizo, ugonjwa na mafunzo ya lazima, na ikabaki asilimia 85, zile 960 zinakuwa 816. Katika hizo nazo kuna makabidhiano ya zamu, mapumziko, foleni ya stoo na kusubiri vipuri. Ikiwa mkono wa fundi unagusa ndege kwa asilimia 70 ya muda, unabaki na takriban saa 571. Umepungukiwa na saa 197, na hakuna aliyezembea. Viwango hivi ni vya mfano. Vyako vitafute kwenye kadi za kaguzi zilizopita.

Mkaguzi wa Miundo:
Hesabu hiyo ni sahihi, lakini napinga kutumia kizidisho kimoja kwa kadi zote. Kadi ya kutia grisi haiwezi kuleta mshangao mkubwa, ilhali kadi ya kukagua maboriti ya sakafu chini ya jiko na vyoo, mahali ambapo majimaji huvuja kwa miaka, inaweza kuzaa kazi za siku kadhaa. Fundi anang'oa ubao wa sakafu, anakuta kutu, anaisugua, anapima unene wa metali uliobaki na kuulinganisha na kikomo cha kitabu cha ukarabati. Kikomo kikiwa kimepitwa, inabidi kumwandikia mtengenezaji na kusubiri jibu. Kadi za namna hii zifunguliwe siku ya kwanza na ya pili, ili kama kuna ubaya uonekane mapema.

Zaidi ya hayo, saa hazibadilishani. Saa 40 za mafundi wa umeme zilizobaki bila kazi hazitaziba pengo la saa 40 za miundo, kwa hiyo panga kwa kila fani na kwa kila zamu.

Mpangaji wa Hanga:
Nashukuru sana, wakubwa. Je, pengo hilo la saa 197 naweza kuliziba kwa kuwaongezea mafundi muda wa ziada usiku?

Fundi Mwenye Leseni:
Kidogo, ndiyo, lote, hapana. Mwezi Juni 1990 kioo cha chumba cha rubani cha ndege ya BAC 1-11 iliyoruka kutoka Birmingham kiling'oka angani. Kioo hicho kilikuwa kimefungwa alfajiri na msimamizi wa zamu mwenyewe, kwa kuwa zamu ilikuwa na upungufu wa watu, na bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Kanuni za Ulaya za karakana za ndege zinadai mpangaji azingatie uchovu na mipaka ya uwezo wa binadamu, na mwongozo wake unataka upungufu unaozidi asilimia 25 ya saa katika mwezi mmoja uripotiwe hadi kwa meneja anayewajibika. Upungufu wako ni takriban robo ya mahitaji. Upeleke juu kwa maandishi sasa, ndege ikiwa bado haijaingia hangani, na uombe ama mafundi zaidi wa fani zinazopungua, ama siku zaidi.