Wakuu, split ya Java inanikatia mstari herufi moja moja, nakosea wapi?

mangi_wa_Uru
Habari za humu wakuu. Niko Moshi, shangazi yangu ni katibu wa chama cha kahawa huku mlimani, kaniomba nimtengenezee kaprogramu ka kujumlisha kilo za wanachama maana daftari limemchosha. Data ipo kwenye faili la kawaida, kila mwanachama mstari wake, hivi:

0417|Neema|Shimbwe|86|

Namba, jina, kijiji, kilo, simu. Mwisho pako wazi kwa sababu huyo hana simu. Nimeandika hivi ili split iukate mstari penye kila |:

String[] vipande = mstari.split("|");

Sasa nikichapisha vipande[1] (kipande cha pili, maana Java inahesabu kuanzia 0) badala ya Neema napata 4, na kilo zake zimekuwa 7!! Mama wa watu kaleta 86 aisee, shangazi akiona hii naondoka bila hata ndizi. Kwenye Python hii kitu nilikuwa naifanya hivi hivi na inakubali, au Java yangu ni mbovu?

fundi_Njiro
Java yako nzima mkuu. Split ya Java haipokei alama, inapokea rejeksi (regex, maandishi ya kuelezea ruwaza ya kutafuta), na kwenye rejeksi ile | maana yake ni "au". Umeiambia ikate penye kitu tupu au kitu tupu, na kitu tupu kipo kati ya kila herufi, ndo maana imecharanga mstari wote. Hiyo 7 wala siyo kilo, ni tarakimu ya mwisho ya namba ya uanachama. Andika split("\\|"), au kama mikwaju (\) inakuchanganya tumia split(Pattern.quote("|")). Nukta nayo ina ugonjwa huo huo, split(".") inakurudishia arei (orodha ya vipande) tupu kabisa.

kahawa_chungu
Si ungetumia koma tu mambo yaishe

fundi_Njiro
Koma kwenye data ya watu? Mtu akiandika kijiji "Umbwe, Kibosho" tayari kipande kimezidi, na kilo zikiandikwa 1,250 ndo basi tena. Hapo itabidi uweke alama za kunukuu, na ukishaziweka split haikufai, unatafuta laibrari ya CSV (mafaili ya kutenganisha kwa koma). Mwache na | yake.

mangi_wa_Uru
Dah asante mkuu, Neema karudi na kilo zake 86. Ila nimefurahi kama dakika 2 hivi, programu ikafa hapo hapo kwa Neema: Index 4 out of bounds for length 4, yaani natafuta kipande cha tano wakati viko vinne. Wenye simu wote wanapita, na kuna mmoja hana kijiji ila ana simu naye kapita, wasio na simu ndo wanaiua.

dada_wa_Sakina
Hiyo ilinikesheshaga usiku kucha mimi. Split ikishakata inatupa vipande vitupu vya mwishoni, vya katikati inaviacha, ndo maana huyo asiye na kijiji kapita. Weka split("\\|", -1), hiyo -1 inaiambia isitupe kitu. Na kabla ya Integer.parseInt (ya kugeuza maandishi kuwa namba) weka trim() ifute nafasi za pembeni, mtu akiacha nafasi kabla ya 86 inagoma pia.

kahawa_chungu
Kwa hiyo Python haitupi?

dada_wa_Sakina
Ukiipa alama yako, split("|"), haitupi, na | inaisoma kama | tu. JavaScript vile vile. Mwenzetu kahama na mazoea ya Python.

fundi_Njiro
Na usiamini faili dogo, kabla hujagusa vipande[3] angalia kama vipande.length ni 5, isipokuwa 5 chapisha huo mstari uuone kwa macho.

mangi_wa_Uru
Nimeweka zote wakuu, inapita mpaka mwisho. Ila hiyo ya kuhesabu imenikamatia mistari 2 yenye vipande 6, kumbe kuna watu wana laini mbili na shangazi kaweka | katikati ya namba. Kesho napanda Uru nikamwombe aweke mkwaju (/) badala yake.

kahawa_chungu
Ndizi usisahau mangi